Muuza mkorogo wa Mbagala abeba mimba, nesi amuuliza swali moja tu

Jumamosi kwake ndo siku ya mavuno. Kuanzia saa mbili asubuhi simu inaita, bodaboda wawili wako nje wanasubiri mzigo, oda zinatoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mwananyamala, Sinza mpaka Tegeta. Mdada mwenyewe ana miaka ishirini na kitu, insta yuko vizuri, na wateja wake wakubwa ni mabibi harusi watarajiwa wanaotaka kung'aa ndani ya wiki mbili. Anakoroga mwenyewe, mikono mitupu, ndani ya ndoo, kwenye chumba kilekile anacholala na mume wake dereva wa bajaji.

Mkorogo ndo umenunua kitanda. Ukanunua friji na TV. Na ndo ulikuwa ununue vitu vya mtoto, maana mwaka huu kabeba mimba yake ya kwanza.

Kaenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitano. Nesi, mama mtu mzima, kamshika mkono ili ampime presha, macho yakaganda kwenye vidole. Si mnajua ule msemo wa kitaa, uso Fanta, vidole Coca-Cola?

"Mwanangu, unapaka nini?"

"Losheni ya kawaida tu, mama."

"Ya kawaida ina jina. Hiyo yako inaitwaje?"

Kimya. Ataitajaje wakati ni krimu nne kwenye ndoo moja? Akajitetea kama wanavyojitetea wengi: krimu iko nje, mtoto yuko ndani, wanakutana wapi?

Nesi akamwambia wanakutana kwenye damu. Ukipaka mwili mzima asubuhi na jioni, ngozi inanyonya, damu inabeba, na damu ndo inayomlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Krimu nyingi za kuchubua zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Zebaki inaua rangi ya ngozi, ndo maana mtu anakuwa mweupe fasta. Lakini inakula figo za mama, na nyingine inavuka kwenda kwa mtoto ambaye ubongo wake ndo kwanza unajengwa. Steroidi kali zikitumika kwa wingi zinahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Akizaliwa, zebaki inaweza kumfuata kwenye maziwa. Na hata asiyepaka hayuko salama, kwa sababu zebaki inatoa mvuke na inashika kwenye mashuka na taulo.

Kisha nesi akauliza kitu kilichomtoa jasho: "Kuna kopo lolote limeandikwa uvue dhahabu au fedha kabla ya kupaka?"

Lipo. Tena kila mteja anamwambia mwenyewe, "Shost, vua pete kwanza." Siku zote alijua ni kwa ajili ya kulinda pete. Kumbe onyo hilo ni moja ya dalili kwamba ndani kuna zebaki, kwa sababu zebaki inaharibu dhahabu na fedha.

Kurudi nyumbani akampigia bi mkubwa wake. Bi mkubwa akacheka. "Mimi mimba yako yote nimeoga sabuni ya kung'arisha. Si uko hapa, mzima, unanitumia hela kila mwezi?"

Hapo ndo usingizi ulipopotea. Usiku akashika simu akatafuta zebaki na mimba, akafika Japani, mji wa Minamata. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakala, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatangazwa mwaka 1956. Wakati huo madaktari wengi waliamini kondo la nyuma ni ukuta, sumu haipiti. Lakini walizaliwa watoto wasioweza kutembea wala kuongea vizuri, wakati mama zao wanaonekana hawana shida kubwa. Daktari Masazumi Harada akawafuatilia, na mwaka 1962 ikakubalika kwamba watoto wale waliumia wakiwa tumboni.

Sisi kitovu tunazika. Wajapani wana mila ya kukikausha na kukitunza kwenye kiboksi. Miaka baadaye vile vitovu vikapimwa, zebaki ikaonekana mle ndani.

Zebaki ya Minamata ilikuwa aina nyingine, kali zaidi kwa ubongo wa mtoto kuliko hii ya kwenye krimu. Mdada angeweza kuishia hapo na kupumua. Lakini Harada huyohuyo na wenzake walikuja kupima nywele za watu huku kwetu, Kanda ya Ziwa: wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Matokeo yakatoka 1999. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi haikutoka machimboni wala kwenye samaki. Ilitoka kwenye sabuni ya kung'arisha ngozi.

Miaka ileile bi mkubwa alipokuwa anaoga yake.

Sasa anajiuliza mambo ambayo hajawahi kuyawaza. Shuleni aliitwa kichwa kigumu, alikuwa anasoma usiku kucha na asubuhi hakumbuki kitu, kidato cha pili akarudia. Inaweza kuwa sabuni. Inaweza kuwa darasa la watoto mia na njaa. Hakuna daktari atakayemwambia ni ipi, kwa sababu sumu ya tumboni mara nyingi haiachi alama usoni. Mtoto anazaliwa mzuri, ana kilo zake, ndugu wanashangilia, halafu miaka saba baadaye anachelewa darasani na anachapwa kwa uvivu.

Bi mkubwa hamlaumu. Hakuna aliyemwambia. Yeye ameambiwa.

Kliniki amerudi akasema ukweli wote, amepangiwa vipimo vya figo. Ndoo ameitoa chumbani, kaifunga mfuniko, iko nyuma ya nyumba, maana kuimwaga mtaroni ni kuipeleka kwa wengine. Wateja watatu wajawazito amewapigia mwenyewe. Mmoja alilia, mmoja akashukuru, wa tatu akamblock na sasa ananunua kwa mwingine. Hela ya kujifungulia haijatimia na bajaji ni ya bosi.

Juzi bibi harusi mmoja wa Kinondoni kamtumia meseji, anataka makopo kumi na moja, yeye na wasimamizi wake, analipa leo leo. Mpaka jioni alikuwa hajajibu.

Mdau, hela ya leba ndo hiyo iko kwenye ndoo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?