Bibi Harusi na Deni Langu

Rumeti wangu alikula hela yangu ya ada, mwaka mzima ananipiga chenga. Usiku niliopanga kumvaa, nilimkuta anacheki Kill Bill: Vol. 2 ya Quentin Tarantino, ya mwaka 2004. Nikakaa.

Nilisubiri panga kwa panga kama sehemu ya kwanza. Hii ina maongezi zaidi. Uma Thurman anazikwa hai, anapasua jeneza kwa ngumi aliyofundishwa na Pai Mei. Nikapata mzuka: leo ni leo! Kumbe akishamuua Bill, baba wa mtoto wake, tunamwona kalala sakafuni bafuni, analia huku anacheka.

Mzuka ukakata. Nikauliza tu, "Oya, ile hela vipi?"

Akainama. Hajalipa bado, ila sasa tunaongea.