Nyumba ya Yuro Moja

Huenda nanyi mmesikia habari za nyumba zinazouzwa Italia kwa yuro moja, bei ya soda mbili tatu hivi. Habari hizo si za uongo, ila husimuliwa nusu.

Mji uliovuma kuliko mingine ni Sambuca di Sicilia, katika kisiwa cha Sisilia. Umekaa juu ya kilima, na karibu yake kuna ziwa Arancio na mashamba ya mizabibu. Waarabu ndio walioanzisha makazi hapo katika karne ya 9, na hadi mwaka 1923 mji uliitwa Sambuca Zabut. Tulipopita katika mtaa wa kale tulikumbuka Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja: vichochoro vinapinda, na kuta za mawe zimekaribiana hata akina mama wawili waweza kupeana chumvi dirishani. Lakini madirisha mengi hayana mama. (Keki ya mji huo, inayosemekana ilibuniwa na mtawa mmoja mwaka 1725, ni tamu sana, jina lake hatuliandiki hapa, waulizeni waliofika.)

Watu waliondoka kidogo kidogo kutafuta kazi, wengine hadi Marekani. Kisha Januari 1968 tetemeko la ardhi likalipiga bonde la Belice, na familia nyingine zikaziacha nyumba zao moja kwa moja. Wazee wakafa, paa zikaanguka.

Mwaka 2019 halmashauri ya mji ikatangaza nyumba 16 kwa bei ya kuanzia yuro 1. Maombi yalimiminika kutoka pande zote za dunia, mengi ya watu wasiowahi kukanyaga Sisilia, hata ikabidi kufanya mnada. Nyingine zikafika yuro 25,000. Kila mnunuzi alitakiwa kuweka dhamana ya yuro 5,000 na kuikarabati nyumba katika miaka 3; akishindwa, dhamana imekwenda. Mwaka 2021 zikatangazwa nyingine kwa yuro 2, na mwaka 2024 kwa yuro 3. Kwa maoni yetu halmashauri haikuwa na haja ya hizo yuro. Ilikuwa ikitafuta watu. Ndiyo maana nyumba iliyopakwa rangi vizuri, kisha ikafungwa miezi kumi kila mwaka, hatuioni kuwa imeusaidia sana mtaa.

Je, mtu aweza kununua akiwa mbali? Aweza. Mauzo hupita kwa afisa wa sheria aitwaye notaio, na asiyeweza kufika humtuma mwingine kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Atahitaji pia namba ya mlipa kodi ya Italia. Jambo moja tulilipenda: notaio huuliza kama mnunuzi ana mume au mke, na mali yao ni ya pamoja au ya kila mtu na yake, nayo huandikwa katika hati. Mke asiyejua mumewe amenunua nini ng'ambo angefurahi kuisoma.

Lakini picha haina pua. Haitakuambia kwamba ukuta wa nyuma unanuka unyevu, wala kwamba boriti ya jirani imeegemea kwako.

Kuna na sharti jingine lisilotajwa katika matangazo. Sheria ya Italia humwuliza mgeni asiyeishi huko: je, kwenu Mwitalia anaweza kununua? Nasi jibu letu twalijua. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010 humpa ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Basi kabla hujatuma hata senti, uliza ubalozi wa Italia.

Mwenye mtoto anayeishi Italia kwa kibali cha kazi au masomo ana nafuu, kwa kuwa sharti hilo halimhusu. Kutoka Palermo hadi Sambuca ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Amwombe aende siku ya mvua, aingie ndani, apande juu, atazame paa.