Jina la Faili na Jina la Mtoto

Ngano ninazozikusanya Kanyangi na kuzitafsiri kutoka Kikamba kwa ajili ya tasnifu yangu huanza, takriban zote, kwa "Hapo zamani za kale". Kila ninapohifadhi mojawapo, programu ya kuandikia huyachukua maneno hayo ya mwanzo na kuyapendekeza yawe jina la faili. Kwa barua ya kuomba kazi huenda yakafaa. Kwa fasihi simulizi, ngano arobaini hupata jina moja.

Wakamba wana utaratibu bora. Wambua huzaliwa wakati wa mvua, Mutuku usiku, Kioko asubuhi. Jina hubeba mazingira ya kuzaliwa, si kilio cha kwanza, maana vilio vyote hufanana. Programu nayo ingependekeza tarehe, mahali na fanani. Tarehe kompyuta inaijua tayari. Hayo mengine ingeuliza mara moja tu.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ilitupatia menyu za Kiswahili, na inastahili pongezi. Hata hivyo, kutafsiri neno la kuhifadhi si kuamua kinachohifadhiwa kiitweje. Ajuza mmoja aliyenisimulia ameshafariki. Mtafiti atakayerithi faili hizi ataitambuaje ngano yake miongoni mwa "zamani za kale" arobaini?