Takhmisi ya Mchezo: Mpenzi, Mwenye Mali na Kimya cha SR388

Katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, mtunzi aliyevutiwa na beti za mtangulizi wake hakulazimika kuishia kuzighani tu. Aliweza kuzitia takhmisi: akaichukua mishororo miwili iliyokwisha kuwapo, akaitungia mingine mitatu ya kuitangulia, ubeti ukatimia mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, haihesabiwi kuwa wizi. Msomaji anajua ipi ni mishororo ya kale na ipi ni mipya, na thamani ya kazi anaitafuta pale penye mshono: je, maneno mapya yanatuelekeza kwa yale ya awali, au yanayafunika? Swali hilo lafaa kuulizwa pia kuhusu kazi iliyo mbali mno na Pate, nayo ni mchezo wa tarakilishi uitwao AM2R.

Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba Metroid ya pili imeundwa upya kwa mara nyingine. Mtunzi wake, Milton Guasti, alikuwa mhandisi wa sauti nchini Argentina. Kwa takribani miaka kumi aliijenga kazi hii katika saa zake za faragha, kwa programu ya GameMaker, huku wapenzi wenzake wakimsaidia hapa na pale. Aliitoa bure tarehe 6 Agosti 2016, siku ambayo mchezo wa kwanza wa Metroid ulitimiza miaka 30.

Matini-mama ni Metroid II: Return of Samus, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1991 kwa ajili ya Game Boy, chombo kidogo cha mkononi ambacho kioo chake kilikuwa na vivuli vinne tu. Ni mchezo wa kukimbia na kurukia majukwaa, na kisa chake ni cha kuogofya kuliko umbo lake linavyodokeza. Samus Aran anatumwa kwenye sayari ya SR388 kuwaangamiza viumbe waitwao Metroid, asisaze hata mmoja. Chini ya kioo mna hesabu ya waliosalia, nayo inaanzia 39. Kila idadi fulani inapokwisha kuuawa, ardhi hutetemeka, tindikali ikashuka, na njia ya kwenda chini zaidi ikafunguka. Mchezaji hasogei ila kwa maiti. Hatimaye anamuua malkia wao. Kisha, mbele yake, yai linapasuka na kinda wa mwisho anatoka, anamdhania Samus kuwa mama yake na kuanza kumfuata. Samus hafyatui risasi. Wawili hao wanapanda juu kukiendea chombo cha angani, kinda akiyala mapandikizi yaliyoziba njia ambayo silaha zote za Samus haziwezi kuifungua. Hakuna adui tena. Utanzu ambao sarufi yake nzima ni kuua unafikia tamati kwa kuacha kuua, na hausemi neno lolote kulieleza jambo hilo.

Guasti aliongeza mengi: rangi, ramani, kumbukumbu zinazosimulia habari za Wachozo waliowahi kuishi katika sayari ile, maeneo mapya na mababe wapya wa kupigana nao. Si nyongeza zote zilizo na uzito sawa. Baadhi ya mababe hao wa mitambo wanashibisha hamu ya waliolelewa na Super Metroid ya 1994 kuliko wanavyoukidhi mwendo wa kisa. Tena, kile kiza cha vivuli vinne, ambamo mapango yote hufanana na mchezaji hupotea kwa hofu ya kweli, hakiwezi kudumu baada ya kutiwa rangi na kuchorewa ramani. Walakini alipofika kwenye yai, Guasti alinyamaza. Safari ya kupanda juu aliiacha kama alivyoikuta, bila adui.

Haukupita muda, mawakili wa Nintendo wakataka mchezo huo uondolewe mitandaoni kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Haki yao haina shaka: jina, mhusika na kisa havikuwa vya Guasti. Hapo mlinganisho wa takhmisi unachechemea, kwani aliyezitungia beti za Liyongo hakukuta kampuni inayoziuza. (Wananadharia waliotangaza kifo cha mwandishi walisahau kwamba mwenye hakimiliki yu hai bin hai.)

Septemba 2017 mwenye mali alitoa toleo lake, Metroid: Samus Returns, lililoundwa na studio ya MercurySteam ya Uhispania kwa ajili ya chombo cha 3DS. Ni kazi ya ustadi. Lakini Samus na kinda wanapokikaribia chombo chao, Ridley, joka wa michezo mingine ya mfululizo huo, anawashukia na vita vikubwa vinazuka. Uamuzi huu unaweza kutetewa: Super Metroid inaanza kwa Ridley kumwiba kinda yuyo huyo, basi kuna mantiki ya kuviunganisha visa. Hata hivyo, kile kimya kimevunjwa, na mikono ya Samus iliyokuwa imetulia inarudishwa kazini. Mwenye matini ana uhuru wa kuivunja, maana ni yake. Mpenzi hana uhuru huo, na kwa kukosa kwake alilazimika kuisoma kwa makini zaidi. Miaka kumi ya kukichora upya kila chumba ni usomaji ambao wahakiki wachache wameufikia.

Guasti aliacha kuiendeleza kazi yake Septemba 2016. Baadaye Moon Studios ilimwajiri, akawa miongoni mwa wabunifu wa Ori and the Will of the Wisps, mchezo uliotoka mwaka 2020. Duka la mtandaoni la 3DS lilifunga mauzo Machi 2023, hivyo anayeitaka Samus Returns hana budi kuisaka kadi yake, aghalabu iliyokwisha kutumika. AM2R, ambayo haikuwahi kuuzwa, ingali ikinakiliwa na kurekebishwa na watu wa kujitolea.