Nilivyomweleza Bibi Kuhusu Galaksi

Kila Jumapili Bibi akipiga simu kutoka Tanga, mimi huwa na dakika mbili zangu. Shikamoo, marahaba, hujambo, baridi vipi huko, ni kali, masomo je, mazuri. Kisha nampa Baba simu. Nimezaliwa London, na Kiswahili changu kinatosha salamu na jikoni.

Mwezi uliopita akauliza, "Lakini hasa unasoma nini?" Fizikia alishaambiwa. Alitaka kujua fizikia ya nini.

Wiki hiyo nilikuwa naandika ripoti kuhusu ESO 137-001, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 220. Inatumbukia katika kundi la galaksi liitwalo Norma. Ndani ya kundi kama hilo hapako patupu: kati ya galaksi na galaksi kumejaa gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, inayoonekana kwa darubini za eksirei. Galaksi ikipita humo kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, gesi yake yenyewe husukumwa nyuma. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walionyesha kwamba shinikizo hilo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne.

Sasa yaseme hayo kwa Bibi.

"Bibi, kuna upepo."

"Upepo huko juu?"

"Hapana, upepo hakuna."

Baba alicheka. Nikajaribu tena. "Ukipanda bodaboda siku isiyo na upepo, mtandio si unapepea?"

"Unapepea."

"Basi galaksi ndiyo bodaboda. Mtandio ndio gesi."

Akanyamaza kidogo. "Ahaa. Ni kama kupepeta mchele. Makapi yanakwenda, mchele unabaki kwenye ungo."

Mfano wake unaushinda wangu, maana unaeleza pia kwa nini nyota hazing'oki: kila moja ni nzito na imeshikamana, upepo ule hauziwezi. Una kasoro moja tu. Kwenye ungo kinachopeperuka ni taka. Huku, gesi ndiyo nyota mpya zinatengenezwa nayo. Galaksi ikiishiwa gesi hubaki na nyota ilizo nazo; zile kubwa za buluu hufa mapema, na baada ya muda galaksi nzima huwa nyekundu-nyekundu.

"Bibi, hapa kinachopeperuka ndicho chakula."

"Masikini. Kwa hiyo haizai tena?"

"Haizai."

"Na hicho kilichopeperuka kinakwenda wapi?"

Nikamwambia kuhusu mkia. Kwa eksirei una urefu wa miaka ya nuru kama 260,000, zaidi ya mara mbili ya upana wa galaksi yetu. Galaksi zenye mikia hivi wataalamu huzifananisha na yavuyavu. (Bibi: "Wale wanawasha!") Na ndani ya mkia huo, nje kabisa ya galaksi, gesi nyingine hupoa na nyota mpya huzaliwa.

"Zimezaliwa safarini," Bibi akasema. "Na zinarudi kwao?"

"Nyingi hazirudi, Bibi. Zinabaki humo, katikati ya galaksi na galaksi."

Baba alikuwa ameshanyoosha mkono apewe simu. Nikamgeuzia mgongo.

"Hebu nieleze vizuri," Bibi akasema.