Upara Wangu na Mashine ya Kinyozi

Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii. Mara nyingi nimeombwa kuandika katika kurasa hizi za Kiswahili, nami nikakataa kwa sababu sina safari kubwa wala cheo cha kuwasimulia. Nina kichwa tu, tena kisicho na nywele. Lakini kwa ajili ya kichwa hicho nilimdhulumu mtu hapa hapa shuleni, na nadhani ni haki habari hiyo isomwe mahali ilipotokea.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tano, umri wangu miaka 18. Katika bweni letu alikuwako mwenzetu mmoja ambaye kila Jumamosi alasiri aliketi chini ya mwembe akitunyoa kwa mashine ya mkono. Sote tulimwita Kinyozi. Kwao hawakuwa na kitu, na zile shilingi mia mbili mbili tulizompa ndizo alizonunulia sabuni na madaftari, na zilizobaki akaziweka kwa ajili ya ada.

Muhula wa pili nikaona nywele zangu zinapungua. Kwanza sikujali, maana mtu mzima hupoteza nywele kama hamsini hadi mia kila siku, na nyingine huota. Lakini zangu hazikuwa zikirudi. Pembe mbili za paji la uso zilisogea nyuma, na utosini ngozi ikaanza kuonekana kama shamba lililopandwa mtama haba. Wenzangu hawakuchelewa. Wakanipa jina la Entebbe, wakisema kwamba pale juu ndege ya abiria yaweza kutua bila taabu. Nilicheka pamoja nao mchana, lakini usiku nilijipapasa kichwa gizani.

Basi nikatafuta wa kumlaumu. Baba yangu alikuwa na miaka hamsini na nywele zake nzito kama msitu, kwa hiyo nikasema haya si mambo ya ukoo. Tena wakati ule mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameota mapunye baada ya kunyolewa chini ya mwembe. Nikajumlisha moja na moja nikapata tatu. Nikaenda kwa mwalimu wa bweni nikasema mashine ya Kinyozi ni chafu nayo imeniharibu kichwa. Mashine ikachukuliwa siku ile ile, ikafungiwa kabatini. Kinyozi alinitazama tu, hakusema neno. Tangu wiki ile akawa anawafulia wenzake nguo, kazi yenye malipo kidogo kuliko ya kunyoa.

Likizo ya Desemba nilikwenda Jinja kumsalimu babu, mzaa mama. Tangu utoto wangu sikuwahi kumwona babu bila kofia. Siku ile nilimkuta uani anatawadha, na kofia ameiweka juu ya kigoda. Loo! Kichwa kiling'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wanikodolea macho?"

"Babu, nywele zako zilikwenda wapi?"

Akacheka. "Zilianza kwenda nilipoota ndevu. Na mjomba wako vivyo hivyo. Hebu inama nikuone nawe."

Nikainama. Akanipapasa utosini, akanyamaza kidogo, kisha akasema atanitafutia kofia.

Babu hakusoma sayansi, lakini alikuwa amesema kweli zaidi ya alivyojua. Muhula mpya ulipofunguliwa nilimwendea mwalimu wa bayolojia, naye akanifungulia jambo hili, na mengine nimejisomea baadaye.

Kijana anapobalehe, korodani humwaga katika damu homoni iitwayo testosteroni. Katika ngozi ya kichwa yako vimeng'enya ambavyo huigeuza kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi DHT. Hiyo DHT ndiyo inayosaidia kuotesha ndevu kidevuni. Lakini kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, homoni ile ile ikifika kwenye mashina ya nywele za mbele na za utosini, huyadhoofisha. Unywele ambao ungekua miaka kadhaa hukua miezi tu, ukaanguka. Unaoufuata huwa mwembamba zaidi, na unaofuata huo zaidi tena, mpaka panabaki malaika tu. Mashina ya kisogoni na juu ya masikio hayajali homoni hiyo, ndiyo sababu mwenye upara hubakiwa na ukingo wa nywele kama kiatu cha farasi.

Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alitangaza habari za wanaume ambao tangu kabla ya kubalehe korodani zao hazikuwako au hazikufanya kazi. Hao hawakuota upara. Alipowapa testosteroni, baadhi yao wakaanza kuupata, nao ni wale ambao katika jamaa zao walikuwako wenye upara. Wengine walipewa dawa ile ile na nywele zao zikabaki. Alipoacha kuwapa, upara haukuendelea mbele, ila nywele zilizokwisha kwenda hazikurudi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mambo mawili lazima yakutane: homoni, na urithi unaoipokea.

Habari nyingine iliyonishangaza ni ya kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika juu ya watoto wa huko waliozaliwa wakadhaniwa wasichana, kisha wakibalehe wakawa wanaume. Walizaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya cha kutengeneza DHT. Walipokua, misuli yao ilikuwa ya kiume kabisa, lakini ndevu zao zilikuwa haba na nywele za mbele hazikurudi nyuma. Dawa iitwayo finasteridi hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Marekani iliiruhusu mwaka 1992 kwa ugonjwa wa tezi dume, na mwaka 1997 kwa upara. Mtu akiiacha, upara huendelea na safari yake. Mimi sikuitumia.

Vijana wengi mtapenda kuamini kwamba mwenye upara ana nguvu za kiume kuliko wengine. Kwa bahati mbaya si kweli. Testosteroni yake kwa kawaida ni kama ya mtu mwingine yeyote. Kilicho tofauti ni jinsi mashina ya nywele zake yanavyoipokea.

Na baba yangu mwenye msitu? Jeni moja kubwa katika jambo hili imo katika kromosomu X, na mwanamume hupewa X yake na mama. Kwa hiyo upara wa babu ulipita ndani ya mama yangu kimya kimya ukanifikia mimi. Lakini msimwachie mama lawama yote. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti wa Uingereza juu ya wanaume zaidi ya 52,000, ukaonyesha alama za urithi 287 zinazohusika na upara, na 40 tu kati yake zilikuwa katika X. Nyingine zaweza kutoka upande wowote.

Basi mashine ya Kinyozi ilikuwa na kosa gani? Yaweza kuwa ndiyo iliyompa yule mtoto mapunye, maana ukungu wa mapunye husafiri kwa mashine isiyosafishwa. Dawa yake ilikuwa kuisafisha. Upara wangu haukuhusika nayo hata kidogo. Niliingia nao shuleni siku ya kwanza, nimeuficha ndani ya mwili.

Nilikwenda kwa mwalimu wa bweni nikakiri. Akafungua kabati, akanipa mashine. Nikakimbia bwenini, nikakuta kitanda cha Kinyozi kitupu. Alikuwa hakurudi. Wenzake wa darasa walisema ni ada.

Mashine ile nilikaa nayo miaka saba. Mwaka 2006 nilipita Mbale kwa shughuli za kazi, nikaingia duka la kunyoa lenye viti vitatu, na mwenye duka alikuwa ni yeye. Niliketi kitini, akanifunga kitambaa shingoni, nami nikamweleza yote, huku nikimtazama katika kioo. Aliendelea kunyoa kile kidogo kilichobaki.

"Nilijua," akasema. "Mapunye huwasha, huacha mabaka na magamba. Wewe hukuwa na hata baka moja. Nilitaka kusema, lakini nani angeniuliza?"

Juma lililofuata nikampelekea mashine yake. Aliigeuzageuza mkononi, akaipuliza vumbi, akaitundika ukutani juu ya zile za umeme. Siku ile ya kwanza nilipomwuliza bei alinijibu kwamba wenye nywele hulipa shilingi elfu moja, lakini mimi nitalipa elfu mbili. Nami ndizo ninazomlipa hata leo.