Usiku Mmoja Ziwa Ellis

Kama ulinipigia simu wikendi iliyopita ukaambiwa mteja hapatikani, ni kweli sikupatikana. Mimi na mke wangu tulilala Mlima Kenya, kando ya Ziwa Ellis, upande wa Chogoria. Kutoka langoni tulitembea karibu saa nne na mwongozaji wetu, mabegi mgongoni, msitu ukabaki nyuma, tukaingia kwenye nyasi na upepo.

Kwanza yale yanayotuhusu sisi watu wa kompyuta. Mtandao ulipotea, lakini GPS haihitaji mnara wa simu, inasikiliza setilaiti tu, kwa hiyo pakua ramani ukiwa nyumbani. Shida ni betri, maana lithiamu huchoka haraka kwenye baridi. Simu ilibidi ilale nami ndani ya mfuko wa kulalia (mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo). Halafu maji: pale juu, karibu mita 3,500, yanachemka kwa nyuzi 88 hivi, si 100. Ukibeba maharagwe mabichi utakesha. Yetu tuliyapika nyumbani, tukapasha tu.

Saa tatu usiku akasema kichwa kinamgonga.

Mpango ulikuwa asubuhi tupande hadi Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, chini ya jabali la Temple. Tumeongea habari za ziwa hilo tangu kabla ya harusi. Sasa, kuumwa kichwa mlimani ni kawaida. Kinachoogopesha ni kichwa kikifuatana na kuyumba au kuchanganyikiwa, maana huenda ubongo unavimba, na hapo mnashuka hata kama ni usiku wa manane. Nikamtoa nje, nikamwomba atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole.

"Sasa mimi nimekuwa programu yako?"

"Tembea tu, mpenzi."

Akatembea sawasawa, tochi ikimfuata. Akanywa maji na dawa ya maumivu, akalala. Mimi sikulala. Kila baada ya saa moja nilimwuliza jambo dogo, nauli ya matatu ilikuwa ngapi, bibi yake anaitwa nani, mpaka akanifokea. Sijawahi kufurahia kufokewa namna hiyo.

Alfajiri kulikuwa na barafu nyembamba juu ya hema. Lobelia zilikuwa bado zimefunga majani, kama zinavyofanya kila usiku ili chipukizi la katikati lisigande. Kichwa kilikuwa kimepungua, hakijaisha. Yeye alitaka tuendelee. Mimi nikakataa: ukiwa bado na dalili, hupandi zaidi. Tukabishana mbele ya mwongozaji, ambaye ghafla alipata kazi nyingi sana kwenye jiko la gesi. Mwishowe mke wangu akakunja hema peke yake, bila neno, na kimya hicho tukashuka nacho.

Tulipofika kwenye miti akaniambia kichwa kimeacha. Michaelson tutaenda Februari, mvua zikiwa zimekatika. Safari hiyo tutalala Ellis usiku mbili kwanza, na ameshasema mstari nitautembea mimi.